Amonia ya mwanangu ipo sawa kwenye karatasi, lakini skuli anapotea. Ubongo unafanya nini?

#1 Mchuuzi wa Wesha

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi wangu mrefu, nistahamilieni. Mwenye haraka aruke mpaka chini kwenye masuali.

Mie nachuuza samaki hapa Pemba. Alfajiri nipo diko la Wesha, saa tatu nishafika Chake. Nina binti wa miaka tisa, na mie niuzaye samaki kutwa namkatia mwanangu kipande cha samaki kama dole gumba, tena kwa mizani ya jikoni.

Miaka mitatu nyuma, siku ya tatu ya Iddi Kubwa, alipata homa na matapishi. Siku mbili halali wala hali. Ya tatu akaanza maneno yasiyoungana, anamwita bibi yake kwa jina la mtoto wa jirani. Akilala anahema kama katoka mbioni. Malaria wakapima, hamna. Spitali ya kwanza wakasema mkojo mchafu, sindano tano. Nyumbani wakasema dege, wengine kaona kitu shambani. Likaandikwa kombe, nikalinywesha kwa mkono wangu, na sijuti. Ila mtoto alizidi kuzama usingizini.

Tulipohamishiwa tukamkuta daktari mmoja kijana. Suali lake la kwanza silisahau: "Huyu nyama huwa anaipenda?" Mke wangu akasema hajapata kuipenda, siku ile ya Iddi tulimlazimisha kwa sababu ya wageni. Daktari akanyamaza kidogo, akasema anataka kipimo cha amonia, sumu inayobaki protini ikivunjwa mwilini, na kichupa lazima kikae kwenye barafu. Barafu hakuna. Nikakimbilia gari, barafu ikatoka kwenye deli langu la changu na pono. Damu ya mwanangu ikasafiri imezungukwa na harufu ya samaki.

Majibu ya kwanza yakarudi juu sana, Dar wakarudia ikawa 240. Baadaye tukapelekwa India, ndiko lilikopatikana jina: upungufu wa OTC, ugonjwa wa kuzaliwa nao katika mzunguko wa yurea, kazi ya mwili ya kuitoa amonia. Tukapewa dawa, chakula cha kupimwa, na karatasi ya nini cha kufanya akipata homa. Toka hapo hajazimia tena, alhamdulillahi. Mwezi uliopita amonia 38, wanasema ipo sawa.

Sasa tatizo. Darasa la tatu, na mwalimu wake ananambia ni mvivu. Ukimtuma dukani vitu vitatu, analeta kimoja na chenji. Vifungo vya shati la skuli vinamchukua muda mpaka mdogo wake ashavaa viatu. Bibi yake anamfundisha kusuka ukili, anaupoteza mkono njiani, anaanza upya. Lakini chuoni Qur-ani anaishika kuliko wenzake wote.

Masuali: (1) Amonia ikiwa 38, kitu gani kinamsumbua? (2) India walimpiga MRI yenye kipimo cha ziada, barua inasema glutamini ya ubongo ipo juu, mayo-inositoli ipo chini. Hakuna aliyenifafanulia. Maana yake nini?

#2 Kijana wa Mtoni

Pole sana kaka. Ila nami niseme langu. Toka wazee wetu tunaambiwa samaki ndiye chakula cha akili. Wewe unaye mlangoni, unamkatia mtoto kipande cha dole gumba. Halafu unashangaa skuli hasomi? Mpe samaki, mpe supu ya pweza, haya ya kwenye karatasi yasikutishe.

#3 Bi Maabara

Kijana, usimwambie mtu hivyo. Utamuulia mtoto.

Mie nafanya kazi maabara Unguja, ya ubongo nawaachia wenyewe, ila nisemee kichupa. Amonia ni kipimo chenye udhia kuliko vyote ninavyovijua. Damu ikishatoka kwenye mshipa haitulii, seli zinaendelea kufanya kazi na glutamini iliyomo inavunjika, kwa hivyo amonia inapanda ndani ya kichupa wakati ndani ya mtoto haijapanda. Inatakiwa itoke bila kumkaba mkono kwa muda mrefu, iwekwe kwenye barafu palepale, izungushwe kwenye mashine ndani ya robo saa hivi. Nusu saa ndiyo mwisho. Ikisafiri masaa, hata na barafu, namba huiamini. Ndiyo maana yako ya kwanza ilikuja juu kuliko ya Dar. Daktari yule hakukosea kuitaka, yeye alitaka kujua tu kama kuna moto.

Na mtoto akilia na kupigana nao wakati wa kutolewa damu, inapanda pia. Mkalishe kwanza.

#4 Mswahili wa Maskati

Waalaykum salaam ami. Mie mzaliwa wa Wete, nesi, niko Maskati mwaka wa kumi na moja, kwenye kliniki ya watoto wa magonjwa haya. Huku tunao wengi. Nitakujibu taratibu.

Protini ikivunjwa mwilini huacha naitrojeni, na naitrojeni hiyo inageuka amonia. Kazi ya kuifanya amonia iwe yurea, itoke na mkojo, ni ya ini. Kazi hiyo ndiyo mzunguko wa yurea, na waliouchora ni Hans Krebs na Kurt Henseleit, mwaka 1932. Una vituo kadhaa, na kila kituo kina kimeng'enya chake kinachoifanya kazi ya pale. Cha mwanao, OTC, kinafanya kazi nusu nusu. Siku za kawaida kinatosha. Siku ya nyama nyingi, au ya homa na njaa ambapo mwili unaanza kula misuli yake wenyewe, kinazidiwa. Kuhema mbio uliyoiona ni amonia inausukuma ubongo uamrishe pumzi. Wengi huidhania nimonia au sumu ya damu.

Sasa ubongo. Mzunguko huo ubongoni haujakamilika, OTC haimo kabisa. Amonia ikishaingia, ubongo una njia moja ya kuipunguza makali: seli zenye umbo la nyota, zinaitwa astrositi, zinaifunga amonia pamoja na glutameti, inakuwa glutamini. Vizuri, sumu imepungua. Lakini glutamini inavuta maji, na seli ikijaa glutamini inataka kuvimba. Mtoto wa kuzimia ndiye huyo, astrositi zimevimba na ubongo umebanwa ndani ya fuvu.

Yakienda polepole, seli inajitahidi. Inatoa nje vitu vyengine vinavyoshika maji ili ipate nafasi, na cha mwanzo kutolewa ni hiyo mayo-inositoli. Chukulia deli lako ami. Samaki wamezidi, unatoa barafu ili kifuniko kifunge. Kwa nje deli ni lile lile. Ukilifungua ndiyo unajua barafu imepungua.

Barua yako ya India inasema hivyo tu. Kipimo kile cha ziada kinaitwa spektroskopi, mashine ni ile ile ya MRI ila badala ya picha inatoa kemikali. Glutamini juu, inositoli chini, ndiyo sura ya OTC inayojulikana. Na watafiti wameikuta hata kwa wanawake wabebaji, yaani wenye jeni mbovu moja na nzima moja, ambao hawajawahi kuzimia maishani.

Kwa hivyo 38 si uongo. Ni namba ya damu, ya saa ile, mtoto katulia asubuhi. Jioni baada ya chakula inaweza kuwa nyengine kabisa. Omba wampime pia glutamini ya damu, kliniki nyingi zinataka isizidi mikromoli 1,000 kwa lita. Ile ndiyo ghala. Amonia inaweza kushuka, ghala likabaki limejaa, na ubongo ukaendelea kutoa barafu.

#5 Mchuuzi wa Wesha

Dada yangu, miaka mitatu sijaambiwa hivi. Nimeisoma mara mbili kwa sauti, mke wangu anasikiliza.

Glutamini ya damu nimeitafuta kwenye makaratasi yote. Imepimwa mara moja, India. 1,180.

Na hiyo Qur-ani? Mtu kichwa chake kina maji, vipi anashika juzuu?

#6 Mswahili wa Maskati

1,180 ya wakati ule, sasa hujui ipo wapi. Lipeleke hilo kwa daktari wake wiki hii, na lisikufanye upunguze chakula mwenyewe.

Suali la Qur-ani zuri kuliko unavyodhani. Watoto wa OTC iliyo nusu, hasa wasichana, maneno yao huwa mazuri. Wanasema vizuri, wanahifadhi kwa kusikia. Taabu inawapata kwenye kazi ndogo ndogo za vidole, kwenye maumbo na hesabu, na kwenye kushika mambo mawili matatu kichwani kwa pamoja. Vifungo, ukili, vitu vitatu vya dukani. Umeyaandika mwenyewe pale juu bila ya kujua. Huyo mwalimu anaona mtoto asomaye kama maji halafu hajui kupanga kazi, anaamua ni mvivu. Mwandikie barua, aweke agizo moja moja, ampe muda zaidi wa mtihani. Na hesabu msomee kwa sauti. Mlango wake ni sikio.

#7 Kijana wa Mtoni

Nimenyamaza nasoma. Nilikosea, kaka nisamehe. Ila niulize kwa kutaka kujua: kwa nini basi asikatiwe protini kabisa, mambo yaishe?

#8 Mswahili wa Maskati

Kwa sababu mtoto anakua. Protini ikiwa chini ya anachohitaji, mwili unavunja misuli yake kupata asidi amino, yaani matofali ya protini, na misuli ni protini ile ile, amonia inapanda vile vile. Wengine wanaongezewa unga maalum wa asidi amino za lazima. Ni kamba ya kutembelea, huku kuna shimo na huku kuna shimo.

Na dawa nazo. Sodiamu benzoeti inashika glaisini, asidi amino moja ndogo, inatoka na naitrojeni moja kwenye mkojo. Fenilbutireti inashika glutamini yenyewe, inatoka na mbili. Unaona basi, ile ya pili inalipunguza ghala. Lakini ikizidi, na chakula ni kidogo, inateremsha asidi amino za leusini, isoleusini na valini kwenye damu, na hizo ubongo na misuli zinazihitaji. Ndiyo maana vipimo vya asidi amino havitakiwi viwe mara moja maishani. Mwanao anapewa sitrulini, ile asidi amino ambayo OTC ingeitengeneza?

#9 Mchuuzi wa Wesha

Anapewa sitrulini na fenilbutireti. Hiyo ya pili harufu yake jamani. Tunaichanganya na juisi ya ukwaju, anafunga macho, anakunywa, halafu ananitazama kama mie ndiye niliyeitengeneza.

#10 Mama Shelisheli

Ya dawa siyajui, najua jiko. Mume wangu ni wa figo, na mizani naijua miaka sita. Nikupe yangu kaka. Gramu mia za samaki ni protini ishirini hivi. Yai moja sita. Maharage yaliyopikwa, mia ni nane au tisa, watu wanajidanganya kwamba maharage mboga tu. Wali uliopikwa mia ni kama mbili na nusu. Muhogo moja na kidogo, shelisheli moja, embe haifiki. Kisamvu usikihesabu pamoja na muhogo wake, majani yana protini zaidi kuliko mzizi.

Shelisheli la kuchoma na chai ya tangawizi, mtoto anashiba na hujapoteza hata gramu tatu. Mbatata za urojo nazo, ila toa mishikaki na bajia, bajia ni dengu.

Na asile kando. Mume wangu alinambia kinachomuuma si chakula, ni sahani ya peke yake. Siku hizi anakula siniani, sehemu yake nimeshaipima jikoni.

#11 Mswahili wa Maskati

Ahsante mama, hesabu zako sawa. Ila chakula cha figo si chakula cha yurea, wa figo anachungwa chumvi na potasiamu, huyu hachungwi hivyo. Na huyu njaa ndiyo adui kuliko bajia. Asilale bila kula kitu cha wanga, na akiumwa, protini inasimama siku moja, isizidi mbili, anapewa glukosi au uji wa sukari kila baada ya muda mfupi. Akitapika hivyo hivyo, spitali, dripu ya glukosi, msingoje kuche. Ile karatasi ya India iwe na nakala kwenye mkoba wa skuli.

#12 Maalim wa Ole

Nimeona mmetaja njaa. Ramadhani hiyo inakuja, na watoto wetu wa miaka tisa wanajaribu nusu siku kwa kushindana. Ndugu yangu, huyu bado hajabaleghe, saumu haimlazimu. Na akibaleghe, mgonjwa ana ruhusa, ipo wazi Suratul Baqara aya ya 184. Maradhi ya kudumu yana fidia. Mwambie mapema kabla wenzake hawajamwambia. Wasichana huona haya, wanafunga kwa siri.

#13 Mchuuzi wa Wesha

Maalim umenichoma. Mwaka jana alifunga siku mbili kimya kimya, nikamjua kwa kichwa kumuuma.

#14 Kijana wa Mtoni

Suali la mwisho langu. Nimesoma mtoto wa Marekani kabadilishwa jeni akapona. Si ndiyo haya? Na hii si kwa sababu ya kuoana watoto wa ndugu?

#15 Mswahili wa Maskati

Yule wa Philadelphia, 2025, ugonjwa wake ni CPS1, kituo cha jirani kwenye mzunguko ule ule. Walimtengenezea dawa ya kurekebisha herufi moja ya jeni yake, yake peke yake. Imemsaidia sana, ila waliomtibu wenyewe hawajasema kapona. Kwa OTC historia ina jeraha: Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki kwenye majaribio ya tiba ya jeni, huko huko Philadelphia. Mambo yalisimama miaka mingi. Kinachofanyika sasa kwa walio wakali ni kupandikiza ini. Ini jipya linamaliza tatizo la amonia. Ubongo ulioumia kabla haulirudishi lililopotea, ndiyo maana tunagombania mapema.

Kuoana ndugu kunahusu vituo vyengine, ambavyo mtoto anahitaji jeni mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. OTC imo kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili, na kila seli ya ini inazima moja, bahati nasibu. Zikizimwa nyingi zile nzima, anaumwa. Zikizimwa nyingi zile mbovu, anaishi maisha yake yote bila kujua, pengine anachukia nyama tu na watu wanamwita mdeko. Mvulana ana X moja. Ikiwa ndiyo mbovu kabisa, anazaliwa mzuri, ananyonya, siku ya pili au ya tatu anaacha ziwa.

Kwa hivyo ami nikuulize, usinijibu hapa ikiwa hutaki. Upande wa mama yake, kuna wavulana waliokufa wachanga?

#16 Mchuuzi wa Wesha

India waliuliza hivyo hivyo, nikajibu hakuna. Nilikuwa sijui.

Leo baada ya Alasiri nilikwenda kwa mkwe wangu. Nilipomuuliza aliendelea kuchambua mchele, nikadhani hajasikia. Kisha akasema wawili. Wa kwanza siku nne, wa pili siku tatu, hata jina la wa pili halijatulia. Waliambiwa dege. Mke wangu ana miaka thelathini na mbili, hajapata kusikia habari za kaka zake.

Kumbe na mdogo wake mke wangu yupo Konde, ana mimba ya miezi saba.

#17 Mswahili wa Maskati

Inna lillahi. Mpe pole mama.

Nisikilize sasa. Mkwe wako anaonekana ni mbebaji, na mkeo pia. Mdogo wake ana nusu ya kuwa mbebaji. Akiwa mbebaji, mtoto akiwa wa kiume ana nusu ya kuichukua. Pengine hakuna kitu, lakini hili huliachi. Aonane na daktari wa mwanao kabla hajafika miezi minane. Kuzaa kupangwe mahali penye kipimo cha amonia na dripu ya glukosi, dawa ziwe zimeshapatikana kabla. Mtoto akiwa wa kiume apimwe siku ile ile, msingojee aache ziwa. Na yeye mwenyewe aangaliwe, hasa wiki mbili za mwanzo baada ya kuzaa. Mzazi mbebaji anaweza kuchanganyikiwa siku zile, watu wakasema kashikwa na shetani wa uzazi.

Kisha mrudi kwenye glutamini ya binti. Msiisahau kwa hili.

#18 Bi Maabara

Na damu ya kitoto kichanga ikitolewa, wewe uwe mlangoni na barafu yako. Safi lakini, si ya changu.

#19 Mchuuzi wa Wesha

Nimekwenda Konde na mke wangu, samaki nimemwachia kijana auze. Tumefika Adhuhuri, shemeji kapika wali na mchuzi wa nyama, kaona wageni. Katupakulia sote, nyama kanijazia mie. Yeye kakaa na sahani yake, wali na mchicha.

Mke wangu kamuuliza, wewe nyama huli?

Kasema hapana dada, hujui? Toka mdogo. Inaniuma kichwa.

Kesho asubuhi tunateremka naye Chake.